Kumwandikisha mtoto jimnastiki Uingereza: mwongozo kamili kwa mzazi anayeanza

Ukipiga simu klabu ya jimnastiki mwezi wa tisa, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa, jibu ni moja tu: darasa limejaa, acha jina. Binti yangu alikaa kwenye orodha ya kusubiri miezi saba. Mdogo wake, niliyemwandikisha nikiwa nimeshachoma mkono mara moja, alisubiri wiki tatu, mji huohuo, klabu ileile. Safari ya pili nilijua nipige simu lini, nikubali siku gani na niulize nini. Hayo ndiyo nayaandika, kwa wazazi wenzangu wa Kiswahili tunaolea watoto huku. Taratibu ninazozitaja ni za England. Walio Scotland na Wales wana zao, ingawa mengi yanafanana.

Ninachokisema ni darasa la burudani, siyo timu ya mashindano. Saa moja kwa wiki, mtoto hashindani na mtu, anajifunza kubingirika, kupiga msamba, kusimama kwa mikono, kuning'inia kwenye vyuma, na jambo ambalo mimi nalithamini kuliko yote: kuanguka bila kuumia. Nilipomweleza bibi yao Tanga kwenye simu, akauliza, "Kwa hiyo unalipa pesa mtoto afundishwe sarakasi?" Hakukosea sana. Wale vijana wa ufukweni wanaofukia tairi nusu mchangani wakalirukia wanapiga samasoti ambazo mtoto wa huku ataruhusiwa kuzijaribu baada ya miaka. Hapa unalipia godoro, bima, na mtu mwenye cheti anayejua amshike mtoto wapi kabla shingo haijafika chini.

Hatua ya 1: Jua umri wake unaangukia darasa gani

Vilabu vingi vina makundi matatu. La kwanza ni la mzazi na mtoto, kuanzia mtoto anapotembea hadi anakaribia miaka mitatu au minne. Humo wewe mwenyewe unavua viatu na kutambaa naye, kwa hiyo usije na kanzu wala sketi nyembamba. La pili ni la awali, kabla ya shule, ambapo mtoto anaingia peke yake. La tatu ni la watoto wa shule, miaka mitano na kuendelea, na hapo ndipo foleni ilipo ndefu.

Ukisikia klabu inataja trampolini, parkour au jimnastiki ya utepe na mpira, hayo ni madarasa mengine. Kwa mtoto anayeanza, chukua lile la kawaida lenye vifaa vyote. Atapata kidogo cha kila kitu na mwenyewe atakuonyesha anapenda nini. Wavulana nao ni hivyohivyo. Wapo wazazi wetu wanaodhani huu ni mchezo wa wasichana, na nawaalika waje wamtazame mwanamume mmoja akijishikilia kwenye pete mbili.

Kuhusu kuchelewa, usijisumbue. Simone Biles, Mmarekani bingwa wa Olimpiki, aligusa jimnastiki akiwa na miaka 6, kituo cha kulelea watoto kilipompeleka yeye na wenzake matembezi. Na hata huko Olimpiki kwenyewe, msichana haruhusiwi kushindana kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16. Mtoto wa miaka tisa au kumi anayetaka kufurahi na kujua kupiga kichwangomba hajachelewa chochote. Tatizo lake litakuwa moja tu, kuwekwa na watoto wa miaka sita kwa sababu wote ni wapya. Uliza kama wana darasa la wanaoanza wakubwa. Mtoto wa miaka kumi akijiona jitu katikati ya watoto wadogo hatarudi wiki ya pili.

Hatua ya 2: Tafuta ukumbi ulio karibu kuliko ulio mzuri

British Gymnastics, chama cha taifa cha mchezo huu tangu 1888, kina sehemu kwenye tovuti yake ya kutafuta vilabu kwa postikodi. Anza hapo. Halafu tazama kituo cha michezo cha halmashauri yenu, kisha uliza getini shuleni, maana klabu nyingine ndogo zinakodi ukumbi wa shule na hazitangazwi popote.

Kituo cha halmashauri mara nyingi ni rahisi kwa bei na kwa kulipia, ila vifaa hutolewa stoo na kurudishwa kila siku, na makocha hubadilika. Klabu yenye jengo lake ina kila kitu kimefungwa mahali pake, shimo la sponji, vyuma, boriti za kutembea juu yake, za kimo tofauti, na ina foleni kuliko zote. Ile ya ukumbi wa shule huleta magodoro kwa kigari cha mizigo. Ukiitazama unaidharau, lakini mara nyingi anayefundisha ndiye mwenye klabu, na anamjua kila mtoto kwa jina.

Umbali upe uzito. Darasa la Jumatatu saa kumi na moja jioni, mwezi wa kwanza, giza limeshaingia, mvua ya manyunyu, mabasi mawili na mtoto mchanga kwenye kigari: hiyo ndiyo safari utakayoifanya kila wiki. Klabu nzuri iliyo mbali utaiacha Februari.

Hatua ya 3: Piga simu majira watu wanapoacha

Nafasi hufunguka mapema Januari, baada ya Pasaka, na wiki za mwisho za Julai. Watoto wanachoka, wazazi wanahama, wengine wanakimbilia kuogelea. Septemba kila mtu anataka kuingia, na baada ya Olimpiki ndiyo usiseme.

Siku nayo ina bei yake. Jumamosi saa tatu asubuhi wanaitaka wote. Kwetu kuna kikwazo kingine: madrasa ya kila jioni kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja, ambayo inameza saa zilezile za madarasa ya katikati ya wiki. Mimi nilikwenda kwa ustadhi, nikamweleza, tukakubaliana binti atoke mapema Jumatano na afidie hifdhi yake Jumapili. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Akaniuliza tu kama wana darasa la wavulana, ana wajukuu wawili. Ukiiambia klabu kwamba Jumatano au Jumapili jioni inakufaa, unaweza kuwaruka watu ishirini wanaosubiri Jumamosi.

Andikisha jina kwenye klabu mbili au tatu, si kosa. Kisha, tafadhali, fungua folda ya barua taka kila siku chache. Nafasi ya kwanza ya binti yangu ilipotea hivyo. Barua pepe ilikuja Ijumaa, ilitaka jibu ndani ya saa 48, mimi nikaiona Alhamisi iliyofuata kati ya matangazo ya mikopo na vidonge vya kupunguza tumbo.

Hatua ya 4: Kabla hujalipa, kaa benchi uhesabu dakika

Hii hatua ndiyo wazazi wengi wanairuka, na mimi ndiyo ningekwambia usiiruke hata kama nyingine zote utazisahau. Omba darasa la majaribio, au omba tu kuja kutazama.

Usimtazame mwanao. Chagua mtoto wa katikati, asiye hodari wala mtukutu, washa saa ya simu, uhesabu katika dakika kumi anatembeza mwili dakika ngapi. Nilifanya hivyo kwenye ukumbi mmoja mkubwa unaong'aa, wenye mashine ya kahawa na bango la mabingwa ukutani. Mtoto niliyemchagua, kisichana mwenye soksi ya njano iliyosahauliwa mguu mmoja, alipita juu ya boriti mara moja. Dakika zilizobaki alikuwa wa saba kwenye foleni ya watoto kumi na mmoja. Alifunga na kufungua kamba ya sweta yake, akakaa, akaambiwa asimame. Kwa bei ile, mzazi wake alikuwa ananunua foleni.

Wiki iliyofuata nikaenda kwenye ukumbi wa shule wenye magodoro yaliyopauka. Kocha alikuwa ameweka vituo vitano kwa mzunguko. Kimoja watoto wanatembea juu ya boriti iliyolazwa karibu na sakafu, cha pili wananing'inia kwenye chuma na kuhesabu hadi kumi, cha tatu wanaruka kutoka kwenye ubao na kutua ndani ya pete ya plastiki, cha nne wanabingirika kwenye godoro la mteremko, cha tano wanapanda kwa miguu ukutani huku mikono iko chini. Filimbi ikilia wanahama. Hakuna aliyengoja zaidi ya wawili mbele yake. Watoto walitoka majasho yanawachuruzika, na mmoja alilala kwenye gari kabla hatujatoka kwenye maegesho. Huyo alikuwa wangu.

Ukiwa hapo hapo benchi, sikiliza kocha anavyosahihisha. Kocha mzuri anamwambia mtoto kitu cha kufanya: "Ficha masikio yako kwa mikono," "Bana kidevu kifuani kama umeshikilia chungwa." Asiye mzuri anasema "hapana" na "siyo hivyo", kisha anahamia kwa mwingine. Tazama mtoto akianguka inakuwaje. Tazama kama wanakwenda kunywa maji na chooni bila kuogopa kuomba.

Hatua ya 5: Uliza maswali ambayo kwetu hayaulizwi

Sisi tumelelewa kwamba mwalimu hasailiwi. Huku uliza, na usione haya, kwa sababu mchezo huu wenyewe umejifunza kwa uchungu. Mwaka 2020 wanajimnastiki wa Uingereza walianza kusema hadharani waliyotendewa utotoni. Uchunguzi huru ulioongozwa na mwanasheria Anne Whyte ulipokea taarifa zaidi ya 400, na ripoti yake ilitoka Juni 2022. Humo mna watoto walionyimwa chakula, maji na ruhusa ya kwenda chooni, waliopimwa uzito kwa kudhalilishwa, waliolazimishwa kufanya mazoezi wakiwa na majeraha. Mengi yalihusu mafunzo ya juu, siyo darasa la saa moja, lakini kanuni za ulinzi zilizokazwa baada ya hapo zinakuhusu na wewe. Tangu 2023, kwa mfano, makocha wa British Gymnastics hawaruhusiwi kuwapima wanamichezo uzito. Ukisikia kocha anamwita mtoto wako mnene, huna haja ya kujiuliza kama umeelewa vibaya.

Maswali yangu mimi ni haya. Afisa wa ustawi wa watoto wa klabu ni nani, na jina lake limebandikwa wapi? Anayeongoza darasa ana cheti ngazi gani? Ngazi ya 2 anaweza kuongoza peke yake, ngazi ya 1 ni msaidizi anayesimamiwa. Wote wamepitia ukaguzi wa DBS, yaani wa rekodi za uhalifu? Wazazi wanaruhusiwa kutazama, na kama hawaruhusiwi kila wiki, ni lini? Jibu lenyewe lina uzito, lakini namna linavyotolewa ina uzito zaidi. Kocha mmoja alinijibu yote huku anakunja godoro, akaniambia, "Uliza tena wakati wowote." Mwingine alinitazama kama nimemtukana mama yake. Nikaondoka na watoto wangu.

Lipo na suala la kushikwa. Jimnastiki haifundishiki bila kocha kumshika mtoto: mkono mgongoni anapopiga daraja, kiunoni anapopinduka, kwenye mapaja anaposimama kwa mikono. Mweleze mtoto nyumbani, kwa lugha yake, kocha atamshika wapi na kwa nini, na kwamba mshiko huo unafanyika mbele ya watu wote. Mwambie pia kwamba ana haki ya kusema hataki, na kwamba jambo lolote ambalo ataambiwa asimwambie baba au mama, hilo ndilo la kuja kusema mbio. Mazungumzo haya ni ya dakika tano. Sisi tuliyafanya jikoni, tukimenya viazi.

Hatua ya 6: Fomu na pesa

Kwenye fomu, jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, hata kama linachanganya jina la baba na babu, kisha pale kwenye jina la kuitwa weka lile analoitikia. Namba za dharura weka za watu wawili wanaopokea simu. Siyo mjomba aliyeko Muscat.

Afya usifiche. Pumu, kifafa, mzio, upasuaji wa karibuni, andika. Seli mundu nayo ni yetu hasa: baridi, kukaukiwa maji na kuchoka kupita kiasi vinaweza kuamsha maumivu, kwa hiyo kocha ajue kwamba mtoto huyu anakunywa maji anapotaka na anapumzika anapotaka, bila kuulizwa mbele ya wenzake. Mtoto mwenye hali ya Down (Down's syndrome) anakaribishwa, ila atahitaji kwanza kuchunguzwa na daktari viungo vya juu vya shingo, kwa sababu kwa baadhi yao hulegea na kubingirika kunaweza kudhuru uti wa mgongo. Anza hilo mapema, karatasi za daktari huchukua muda.

Utaulizwa pia kuhusu picha. Ukikataa, mtoto hatatengwa, wataangalia tu asiingie kwenye picha za klabu. Na wewe usimrekodi mwanao ukumbini kabla ya kuuliza, kwa sababu nyuma yake wapo watoto wa watu.

Ada ya darasa la saa moja, huku kwetu katikati ya nchi, nimeiona ikicheza kati ya paundi 7 na 12. London jiandae zaidi. Juu yake kuna uanachama wa mwaka wa British Gymnastics, ambao ndani yake mna bima. Mwaka wao huanza tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo ukijiunga kiangazi uliza kwanza utalipa nini na itakufikisha wapi, usije ukalipa Agosti na kudaiwa tena Oktoba. Uliza kama malipo ni kwa muhula au yanakatwa benki kila mwezi. Baadhi ya klabu hugawa ada ya mwaka kwa miezi 12, na utaona unakatwa hata Agosti ukumbi umefungwa. Si wizi, umeshafundishwa hizo wiki, ila inashtua.

Nafuu zipo kama utaziuliza. Halmashauri nyingi zina kadi ya punguzo kwa wenye kipato kidogo, na hutumika kwenye vituo vyao. Kama klabu imesajiliwa Ofsted, wakaguzi wa shule na malezi, kama huduma ya malezi, unaweza kulipa kwa Tax-Free Childcare, akaunti ya serikali ya kusaidia gharama za malezi, ambako kila ukiweka paundi 8 serikali inaongeza 2. Watoto wanaopata chakula cha bure shuleni kwa sababu ya kipato cha nyumbani wana haki ya kuomba nafasi za HAF, mpango wa serikali wa shughuli na chakula kwa watoto, wakati wa likizo za Pasaka, kiangazi na Krismasi, na baadhi ya nafasi hizo huwa kwenye kumbi za jimnastiki, bure na chakula juu. Hata kama huna foleni yoyote ya kungojea, wiki moja ya HAF ni majaribio mazuri kuliko darasa moja.

Hatua ya 7: Mavazi, nywele, na vile vitu vidogo vya kwetu

Liotadi, lile vazi la kubana la jimnastiki, usinunue mwezi wa kwanza. Tisheti iliyochomekwa na taiti vinatosha, miguu mitupu. Soksi zinateleza. Zipu, vifungo na sweta za kofia ziache nyumbani, zinachoma mgongo wakati wa kubingirika.

Kwa wanaofunika, mwambie kocha mapema, usingoje mlangoni. Hijabu ya michezo ya kuvuta, isiyo na pini na iliyochomekwa shingoni, ndiyo inayokaa hata mtoto akiwa kichwa chini. Taiti ndefu chini ya liotadi haina ubishi. Aprili 2021, kwenye mashindano ya Ulaya mjini Basel, Mjerumani Sarah Voss alishindana akiwa amevaa vazi linalofunika miguu hadi kwenye vifundo, na hakuvunja kanuni yoyote. Kama huko juu inawezekana, darasa la Jumatano halina kisingizio.

Hereni zote hutoka, hata zile vipini vidogo vya dhahabu ambavyo binti amevaa tangu siku ya arobaini. Kama unapanga kumtoboa masikio, fanya mwanzo wa likizo ya kiangazi, maana tundu jipya linahitaji kama wiki sita kabla ya kutoa hereni, na klabu nyingi hazikubali kuzifunika kwa plasta. Bangili, ushanga wa kiunoni, uzi na hirizi navyo vivuliwe. Ukiona vigumu kuvua, basi uamue kabla ya siku yenyewe. Nimeshuhudia mama akibishana mlangoni huku mtoto anatazama chini, na haikumpendeza yeyote.

Nywele: twende kilioni ndiyo rafiki wa jimnastiki, kichwa kinakaa tambarare kwenye godoro. Fundo kubwa la utosini humzuia mtoto kubana kidevu. Shanga za kwenye rasta zikikanyagwa na mkono wake mwenyewe kwenye boriti, zinateleza kama kokoto.

Hatua ya 8: Wiki sita za mwanzo

Mlishe saa moja na nusu kabla, kitu chepesi. Ndizi, mkate, uji. Mimi nilimpa wa pili pilau iliyobaki, dakika ishirini kabla ya darasa la kubingirika, na mengine nakuachia.

Akilia mlangoni, mwachie kocha dakika tano na ukae mahali anapokuona. Akilia wiki tatu mfululizo, mrudishe nyumbani ujaribu tena baada ya miezi sita.

Kisha inakuja kazi ngumu, kunyamaza. Boriti ina upana wa sentimita 10. Ile ya mashindano huinuliwa mita 1.25, ya watoto iko karibu na sakafu, lakini upana ni uleule, na mtoto anayetembea juu yake anatakiwa atazame mwisho wa boriti. Wiki ya pili nilipiga kelele kutoka benchi, "Nyoosha goti, mwanangu!" Akageuza kichwa kunitafuta. Mguu ukafuata kichwa, akaketi chini kwa kishindo. Kocha hakunikaripia, alikuja baada ya darasa akaniambia kwa upole, "Nikiwa naongea mimi na wewe unaongea, hatujui amsikilize nani." Tangu siku hiyo naleta gazeti.

Maendeleo yatakuwa ya polepole, na beji wanazopewa zisikutie wazimu. Kusimama kwa mikono vizuri kunaweza kuchukua mwaka. Ukitaka kumsaidia nyumbani, asimame kwa mguu mmoja akipiga mswaki, aning'inie kwenye chuma cha bustanini, atembee juu ya mstari wa vigae. Kupinduka kwenye kitanda au sofa kataza kabisa, vinabonyea na kumzoesha vibaya. Na kama una trampolini uani, RoSPA, shirika la Uingereza la kuzuia ajali, linasema haiwafai walio chini ya miaka sita, na kwamba takriban robo tatu ya majeraha hutokea wanaporuka zaidi ya mmoja kwa wakati. Kwenye sherehe zetu za Idi huruka saba.

Ramadhani, kama mtoto ameanza kufunga, hata nusu siku, mwambie kocha. Wetu alimpa kazi za kunyoosha viungo na boriti, akamwepusha na kuruka, na hakuna aliyeona tofauti.

Misuli kuuma siku ya pili ni kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono au mgongo wa chini yanayorudi kila wiki si kawaida. Mpumzishe na umwone daktari.

Hatua ya 9: Barua ya kupandishwa, au ya kuaga

Baada ya mwaka hivi unaweza kupokea ujumbe kwamba mwanao ana kipaji na wanamtaka kwenye kikosi. Furahi, kisha uliza saa ngapi kwa wiki, maana saa moja inaweza kugeuka sita, halafu tisa, na ada, mavazi na safari za mashindano zinafuata. Binti yangu alimwona Kaylia Nemour, aliyezaliwa Ufaransa na kuchagua bendera ya Algeria, akitwaa dhahabu ya vyuma Paris 2024, medali ya kwanza ya Afrika katika jimnastiki ya Olimpiki. Kwa mwezi mzima hakuongea kingine. Barua ilipokuja tulikaa naye, tukamwonyesha kalenda: madrasa, shule, siku za binamu. Alichagua mwenyewe kubaki burudani na kuongeza saa moja. Klabu haikununa. Ingenuna, ningejua niko mahali pasipofaa.

Na siku akisema amechoka, mwache amalizie muhula uliokwisha kulipwa kama hana kinachomuumiza, halafu aache. Andika barua pepe mwezi mmoja kabla, maana klabu nyingi zinadai taarifa hiyo. Baada ya hapo ingia kwenye programu ya benki na usimamishe malipo mwenyewe. Liotadi ikiwa bado nzima, wapelekee. Karibu kila klabu ina sanduku la mitumba pale mlangoni, na la kwetu ndiko tulikopata ya mdogo wake, kwa paundi tatu.